Vitasa vya Kuvuta

Watu wa Malindi, mtaa wa mjini Unguja, hawakujua ni siku gani hasa tupa ya Mazin, ile ya kusugulia chuma, ilinyamaza. Sauti iliyozoeleka haiondoki kama mtu anavyoondoka, kwa kuaga na kubeba mizigo. Hutoweka tu, na masikio huchukua muda kuitafuta. Mwenye duka la nafaka upande wa pili wa njia alidhani Mazin kasafiri. Wanaume waliokaa barazani baada ya sala ya alasiri walijikuta wakizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa miaka yote hiyo walikuwa wakishindana na ule mkwaruzo mkavu uliotoka kwenye ghala chini ya nyumba ya akina Zahor. Mmoja wao ndiye aliyeuliza mwishowe: "Hivi lile gari limekwisha kutengenezwa, au limekufa?"

Halikufa, wala halikwisha kutengenezwa. Lililotokea ni jengine.

Ghala lile mbele lilikuwa duka la spea na nyuma karakana. Mazin bin Zahor alilifungua mwaka wa 1985, pale watu binafsi waliporuhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje na kila mwenye ndugu Dubai au Maskati akaanza kupokea maboksi. Dukani aliuza plagi, mikanda ya feni, raba za breki, na taa za magari ambayo wenyewe walishakata tamaa nayo. Nyuma, ukipita pazia la gunia, lilikaa gari la baba yake.

Lilikuwa MGB jeupe, gari la Kiingereza la viti viwili, chini kama limekaa kitako, halina paa ila turubai. Mzee Zahor alilinunua mwaka wa 1963, shamba lake la karafuu la Kizimbani lilipokuwa bado lake. Alilipanda miezi michache tu. Kisha yakaja Mapinduzi na shamba likaenda. Nyumba ilibaki, kwa kuwa ilikuwa ya wakfu. Gari nalo lilibaki, kwa kuwa lilishaharibika na halikuwa na wa kulitaka. Mtoto wake mkubwa wa kiume, Badar, akapanda meli kwenda Arabuni akiwa kijana aliyeanza kuota ndevu. Shariffa, dada mkubwa wa wote, aliolewa, akafiwa na mume, akarudi kukaa ghorofani kwa baba yake. Mazin, wa mwisho, alikuwa bado mtoto wa skuli.

Alichokikumbuka Mazin katika miaka ile ni mlango wa gari. Kila alasiri Mzee Zahor aliteremka ngazi kwa kanzu yake safi, akaingia ghalani, akapitisha vidole nyuma ya kitasa, akavuta. Mlango ulifunguka kwa sauti ndogo, tak. Aliingia akakaa nyuma ya usukani wa gari lisilotembea, mikono juu, hatazami popote, mpaka adhana ya magharibi. Hakuwasha kitu wala hakusema kitu. Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka wa 1971. Pete yake ya fedha yenye jiwe la akiki, ambayo haikupata kutoka kidoleni, ikapelekwa Maskati kwa Badar, ambaye wakati huo alikuwa keshapata kazi na makazi huko.

Gari lenyewe likabaki bila kugawiwa. Mama yao alishatangulia. Warithi walikuwa wao watatu, mafungu mawili ya Badar, mawili ya Mazin, moja la Shariffa. Lakini nani atagawa gari mafungu, na mrithi mmoja yuko ng'ambo na wala hajulikani kama atarudi? Likakaa gizani na vumbi lake, mpaka Mazin alipopata duka, akapata jiliwa la kubania chuma na tupa, akalifunua.

Kiwanda cha magari hakibadilishi gari kwa siku moja. Mtu wa nje huona la mwaka huu ni lile lile la mwaka jana, uso ule ule na mgongo ule ule. Ndani mambo hubadilika kimya kimya. Mwaka huu kranki inakaa juu ya beringi tatu, baadaye juu ya tano. Leo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, miaka michache mbele ni hasi, na dainamo imeondoka, imekuja alteneta. Usukani wa vijiti vyembamba vya waya hugeuka usukani wa bati lenye matundu. Bampa za chuma kinachong'ara huja kuwa mipira myeusi. Na milango pia: MGB za mwanzo zilikuwa na vitasa vya kuvuta, kama kile alichokivuta Mzee Zahor. Kiasi cha mwaka wa sitini na tano kiwanda kikaviacha, kikaleta vitasa vya kubonyeza kwa kidole gumba.

Haya yote Mazin hakuyasoma. Aliyashika. Spea za MGB hazikuwapo Unguja, alizifuata Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kwenye nyua za magari mabovu yaliyoachwa na Wazungu waliokwenda zao. Magari hayo yalikuwa ya kila mwaka, na mafundi walishayachanganya, mlango wa gari hili kwenye bodi ya lile. Ilimbidi akiulize kila kipande umri wake. Tundu moja la boliti lililozidi, sikio la chuma lisilokuwapo hapo kabla, nambari iliyomwagwa pamoja na chuma chenyewe: alivipitishia kidole gumba huku macho yake yakitazama dari, kama mwanamke anayepima kitambaa dukani. Kisha husema, "Hii ya sitini na nane," na kuirudisha, hata kama nzima, hata kama mwenyewe anaitoa bure.

Jecha, dereva wa teksi aliyeegesha pale Malindi, hakuchoka kumchokoza.

"Mazin, lile gari lako limeshika mimba mwaka gani? Mbona halizai?"

"Linangoja vitasa."

"Vitasa! Yakhe, mie teksi yangu mlango nafunga kwa kamba, na abiria wanapanda."

"Ndiyo maana wanashuka kabla hawajafika."

Vitasa hasa vilikuja. Mwaka wa 1987 jamaa mmoja aliyetoka Maskati alileta kifurushi cha Badar: vitasa viwili vipya, bado vimo katika karatasi ya mafuta. Badar alikuwa kasikia kwamba mdogo wake analifufua gari. Mazin alikifungua kifurushi mbele ya mgeni, akatabasamu, akatia kahawa. Mgeni alipoondoka alivitazama tena. Vilikuwa vya kubonyeza. Alivifunga ndani ya karatasi yake, akaviweka juu ya rafu ya mwisho, karibu na dari. Hakuandika kushukuru. Si kwamba alikusudia ubaya. Aliona haya kumwambia kaka yake kuwa amesahau mlango wa baba yao ulivyokuwa ukifunguka, na aliona haya zaidi kumshukuru kwa uongo. Baina ya haya mbili hizo alinyamaza, na kimya kilipokwisha kukaa, kikawa kigumu kukiondoa. Baadaye, Tanga, alipata vitasa viwili vya kuvuta, akavua vile vya baba yake, kimoja kilichokatika pini na kimoja kilicholiwa na kutu, akafunga hivyo vya Tanga.

Lakini si kila kitu kilipatikana Tanga. Kipande cha mwaka wake kilipokosekana, Mazin alichukua cha mwaka wa mbele na kukirudisha nyuma. Hii ndiyo kazi iliyotoa ile sauti. Alikibana kwenye jiliwa, akakiondolea kwa tupa kila ambacho kiwanda kilikiongeza baada ya sitini na tatu, akaziba tundu lililozidi, akafuta nambari, akapitisha msasa, akapaka mafuta, mpaka chuma kikasahau kilizaliwa lini. Wengine wangekifunga tu kikafanya kazi. Yeye hakuweza. Ilikuwa kama kumvisha maiti kanzu ya mtu mwengine. Na kile cha zamani, kilichooza, alikitupa kwenye pipa la taka pembeni ya njia.

Injini iliwaka mwaka wa 1991. Jecha alisimamisha teksi njiani ili asikie, watu wakapiga makofi. Mazin akaizima, akasema bado. Mke wake Kazija, mtu wa Jambiani, siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, alikuwa kwao akilima mwani na siku nyengine alikuwa mjini. Yeye alimwambia siku hiyo hiyo, "Basi sasa lile gari si litakuja kunipakilia mwani wangu?"

"Mwani? Kwenye gari la baba?"

"Baba yako angekuwa na mwani angepakia."

Shariffa naye, kila baada ya muda, aliita kutoka dirisha la juu: "Mazin!"

"Naam!"

"Tayari?"

"Bado, Dada."

Kwa sababu kila alipomaliza, aliona kipande chengine ambacho si cha mwaka wake.

*

Badar alirudi mwaka wa 1996, mtu mzima mwenye kitambi kidogo na ndevu nyeupe, miaka thelathini na ushei tangu aondoke. Mazin alimpokea uwanja wa ndege. "Shikamoo, Kaka." "Marahaba, mdogo wangu." Wakakumbatiana, na Mazin akaihisi ile pete ikimbonyea mgongoni. Nyumbani Shariffa alilia, akapika pilau, akalia tena. Baada ya chakula Badar hakutaka kulala. Aliteremka ngazi moja kwa moja mpaka ghalani, akavuta pazia la gunia.

Kisha akanyoosha mkono, akapitisha vidole nyuma ya kitasa, akavuta. Tak.

"Subhanallah," alisema. "Halikubadilika hata kidogo."

Katika maisha yake Mazin hakupata kuambiwa neno lililomfurahisha zaidi ya hilo. Alitaka kumsimulia habari za Tanga, za Mombasa, za tupa, lakini sifa ilikuwa tamu kwa kuwa haikujua kitu, akaiacha kama ilivyo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Siku chache baadaye, wakinywa chai, Badar alitoa lililomleta.

"Nataka kulichukua gari, Mazin. Kwetu kule watu wa rika langu wana mahali pa kukaa, wana kitu cha baba zao. Mie nina pete. Nitalisafirisha, nitaliweka barazani kwangu. Nyie haki zenu ntawapa, msiwe na wasiwasi."

Mazin aliweka kikombe chini. "Gari haliondoki."

"Ni la baba."

"Ni la baba, lakini nimelitengeneza mie. Kila siku ya Mungu, zaidi ya miaka kumi."

"Umelisafisha, nakushukuru. Lakini mwenyewe umeliona, ni lile lile. Usukani ule ule, vitasa vile vile. Umetia nini?"

"Nimetia karibu kila kitu!"

"Kiko wapi?"

Mazin alinyoosha kidole chini, kwenye ghala.

"Halafu vile vitasa nilivyokuletea viko wapi?" Badar aliendelea, na sasa sauti ilikuwa na kitu chengine, kitu cha zamani. "Nilivitafuta mwezi mzima. Hata salamu ya kuwa vimefika sikupata."

"Si vyake."

"Si vya nani?"

"Si vya mwaka wake, Kaka."

"Ah, we! Ndugu yako anakuletea kitu, unakitazama mwaka?"

Shariffa, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kitanda cha kamba, alisema bila kuinua macho, "Nendeni kwa Maalim Abdulla kabla hamjavunjiana vikombe vyangu."

Maalim Abdulla alikuwa kawasomesha Kurani wote wawili, na nusu ya mirathi ya mtaa ilipita mkononi mwake. Alikuja mwenyewe, kwa sababu alitaka pia kuliona hilo gari. Alilizunguka, akaligusa boneti, akaketi juu ya boksi la plagi.

"Jambo lenu si gumu," alisema. "Alichokiacha marehemu ni cha warithi wote. Alichokitia Mazin kwa mkono wake ni cha Mazin. Tukijua mali ya marehemu ni ipi, mambo mengine yatafuata. Badar akipata gamba tupu na Mazin akapata utumbo, mtajua wenyewe mtakavyokubaliana. Tandikeni majamvi mawili. Jamvi la baba, na jamvi la Mazin."

"Na tutajuaje kipi ni cha nani?" Badar aliuliza.

"Anayedai kuwa kitu ni chake anaonyesha. Asipoweza kuonyesha, kinabaki kilipokuwa, kwa marehemu."

Mazin alianza kwa moyo mkunjufu. Alikaa siku nyingi akiwa na ujuzi ambao hakuna aliyetaka kuusikia, na sasa watu wawili wamekaa kumsikiliza. Alifungua boneti, akatoa alteneta. "Hii ya sitini na nane na kuendelea. Gari la baba lilitoka na dainamo. Hii yangu." Maalim akaitikia, ikawekwa kwenye jamvi la Mazin. Akatoa waya zilizogeuzwa kufuata hasi badala ya chanya. Zake. Akatoa boliti za taa za nyuma, zenye kichwa cha aina nyengine. Zake. Vitu hivyo vilikuwa vichache, na vyote vilikuwa ni vile alivyovionea aibu, alivyovificha ndani kwa kuwa tupa haikuweza kuvirudisha nyuma.

Kisha akatoa stata.

"Hii pia yangu. Nimeinunua Mombasa."

Badar aliichukua, akaigeuza. "Inafanana na ile ya baba."

"Nimeifananisha mie."

"Kwa nini?"

"Ili ifanane."

"Basi umefanikiwa," Badar alisema. Hakusema kwa kebehi.

Mazin aliirudisha mikononi mwake, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na sikio la chuma lililozidi, alilolikata kwa msumeno na kulimaliza kwa tupa wiki nzima. Palikuwa laini. Alitafuta mahali penye nambari. Palikuwa laini. Alikuwa kapapitishia msasa, kisha mafuta, kisha moshi wa taa ili rangi ilingane. Kidole chake, kilichoweza kumwambia umri wa chuma chochote kile, hakikumwambia kitu. Akachukua pampu ya maji. Akachukua mkono wa kupandishia kioo, na bawaba, na kifuniko cha tangi. Kila kimoja alikijua alikitoa wapi na mvua ilinyesha au haikunyesha siku hiyo. Na kila kimoja kilikuwa kimya. Alikuwa kafanya kazi miaka yote ile ili mkono wake usionekane, na haukuonekana.

Maalim Abdulla akauliza: "Una shahidi, Mazin?"

Jecha? Jecha alijua mizaha tu. Kazija alikuwa Jambiani, na hakupata kutofautisha pampu na birika. Mazin alitazama jamvi lake, lenye vitu vichache vya aibu, kisha jamvi la baba yake, ambalo lilikuwa likijaa vitu vyake. Akaona moyoni gari likipakiwa melini.

"Sina," alisema.

"Mazin!" Ilikuwa sauti ya Shariffa, kutoka juu ya ngazi.

"Naam!"

"Njoo unishikie hili sanduku. Mie mgongo wangu hauniruhusu."

Lilikuwa sanduku lake la harusi, lenye misumari ya shaba. Waliliteremsha wawili, Mazin na Badar, likiwa zito kuliko nguo. Shariffa aliteremka nyuma yao polepole akishika ukuta, akakaa juu ya kiti cha duka, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vifurushi, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Alikifungua cha kwanza. Ilikuwa stata iliyoungua, nyeusi, yenye sikio moja.

"Umeitoa wapi hii?" Mazin aliuliza.

"Kwenye pipa. Ulikuwa ukitupa, na mie nikiokota. Mwanzo nilikuwa nikishuka mwenyewe, halafu mgongo ulipoanza nikawa namtuma mkeo."

"Kazija?"

"Akicheka, lakini akileta. Kitu kilichoshikwa na baba, sikuweza kukiacha kikae na matumbo ya samaki. Umenuna? Wewe ulikuwa unataka gari. Mie sikutaka gari."

Vifurushi vikafunguliwa kimoja kimoja. Pampu ya maji iliyotoboka. Mkono wa kioo usio na kichwa. Bawaba. Kifuniko cha tangi. Mazin hakulazimika kusema neno. Kila chuma kibovu kilichotoka sandukuni kilionyesha kuwa pacha wake mzima aliyekuwa garini ni mgeni, na Maalim Abdulla alikihamisha kile kizima kwenye jamvi la Mazin na kukiweka kile kibovu kwenye jamvi la marehemu. Jamvi la Mazin lilijaa likang'ara. Jamvi la baba likawa chungu ya kutu na vipande vya kanga. Kilichobaki cha Mzee Zahor kwenye gari lenyewe kilikuwa bodi, milango, usukani na chuma kikubwa cha injini.

Mazin alishinda. Alisimama na ushindi wake na akaona kitu ambacho hakukitarajia: lile gari alilokuwa akilihifadhi halikuwa ghalani. Lilikuwa ghorofani siku zote, ndani ya sanduku, kipande baada ya kipande, na yeye ndiye aliyekuwa akilipeleka pipani.

Kifurushi cha mwisho kilikuwa na vitasa viwili. Badar alikichukua kile kilichokatika pini, cha mlango wa dereva. Alikishika kama mtu anayetaka kuvuta mlango usiokuwapo. Kisha akakigeuza, akakitazama upande wa ndani, ule usioonekana mlango ukiwa umefungwa. Kulikuwa na mikwaruzo, mingi, yote upande mmoja, imechimba njia nyembamba kwenye chuma. Ile pete ya baba, kidoleni mwake, ilikuwa imekaa sawasawa juu ya njia hiyo.

Mazin alisogea akainama kutazama. Alikuwa kakishika kitasa kile mara nyingi, akijua pini yake, skrubu zake, na kiwanda kiliacha kukitengeneza lini. Alikuwa kajifunza kila badiliko lililofanywa na watu wa mbali asiowajua. Hili moja, lililofanywa na mkono wa baba yake, alasiri baada ya alasiri, hakuliona. Na akakumbuka vitasa vinavyong'ara vya Tanga ambavyo Badar alivivuta akasema halikubadilika hata kidogo.

"Nipeni sanduku," Badar alisema.

Maalim Abdulla alimtazama. "Sanduku ni sehemu ndogo sana ya haki yako. Una mafungu mawili katika bodi na injini."

"Nimeridhika na sanduku."

"Si lazima uridhike leo."

"Nimeridhika, Maalim. Gari hili mie silijui." Akamgeukia Mazin, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akacheka. "Usinune. Zuri. Lakini hili lako."

"Na wewe Shariffa?" Maalim aliuliza. "Una fungu lako, na sanduku ni lako."

"Sanduku nshampa. Na fungu langu," Shariffa alisema, "nataka nipakiwe. Sikukuu ya mwaka wa sitini na tatu baba alinipakia mpaka Bububu. Tangu hapo nasikia tupa tu. Anipeleke Kizimkazi, nikasali pale kwenye msikiti wa kale, anirudishe. Basi."

"Dada, halijakamilika. Limefumuliwa lote, halafu ile pampu—"

"Mazin."

"Naam."

"Lini?"

*

Alilifunga tena kwa siku chache, kwa haraka ambayo hakupata kuwa nayo, boliti yoyote iliyoingia ikaingia. Shariffa alifunga mtandio kwa nguvu, akapakiwa, na Jecha akawatangulia na teksi akipiga honi mpaka Mnazi Mmoja. Huko njiani, karibu na Kitogani, mvua iliwapiga na turubai halikutosha kuwafunika. Shariffa alirudi amelowa, ana mafua, na kwa wiki nzima aliwasimulia waliokuja kumtazama.

Badar aliondoka na sanduku lake. Kutoka Maskati alipiga simu kusema limefika na kwamba kile kitasa amekiweka juu ya meza, si ukutani, ili watu wakishike. Mazin alisema vizuri. Alitaka kusema kuhusu vile vitasa vya kubonyeza, akashindwa na haya zile zile.

Baada ya hapo tupa ilikuwa ikisikika mara moja moja, kisha haikusikika. Mazin mwenyewe asingeweza kukutajia siku. Aliendelea kuuza spea na kuzitambua, watu walikuja hata kutoka Pemba kumwuliza pampu yao ni ya mwaka gani, naye aliwaambia, na mwishowe akaongeza jambo ambalo zamani hakuwa akilisema: "Lakini itaingia. Ifunge tu."

Shariffa alifariki mwaka wa 2001, baada ya kuugua kidogo. Badar alikuja kwenye hitma. Mchana mmoja, matanga yakiwa yameshaanuliwa, Badar alitaka kupanda gari waende kaburini. Mazin akavuta kitasa cha mlango wa abiria ili amfungulie, na kile chuma cha Tanga kikamkatikia mkononi. Walikitazama wote wawili. Mazin akavuta kiti, akapanda, akanyoosha mkono mpaka rafu ya mwisho, akateremsha kifurushi cha karatasi ya mafuta ambacho vumbi lake lilikuwa na unene wa kidole.

"Hivyo vinataka loki nyengine ndani," Mazin alisema. "Na milango itabidi itobolewe."

"Milango ya baba," Badar alisema.

"Ndiyo."

Badar alishika mlango usitikisike, na Mazin akatoboa.

Siku hizi Mazin anaishi Jambiani kwa mkewe. Ghala la Malindi kampangisha muuza vinyago. Gari liko kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, chumvi imeshaanza kulila chini ya milango, na siku za bamvua Kazija hupakia magunia ya mwani kwenye kiti cha abiria. Vitasa ni vya kubonyeza. Cha kushoto, cha abiria, mpaka ukibonyeze mara mbili.